Maneno Aliyoyaruka Baba

Kwa nini baba, ambaye Kifaransa chake kiliwashinda walimu wangu wa shule ya msingi, aliruka maneno yaleyale katika kila filamu aliyomfasiria mama? Na kwa nini aliruka hayo tu, yale ambayo yangemtetea?

Zilikuwa filamu za utekaji. Mtoto wa tajiri anasukumwa ndani ya gari, simu inalia, sauti nzito inataja bei yake, mama anaanguka, baba anapiga ngumi ukutani. Nyingi zilikuwa za Marekani, zimetiwa Kifaransa cha Paris juu ya midomo isiyokwenda nacho. Mama alizinunua kwa muuzaji mmoja wa soko la Manika, aliyekaa na kompyuta yake chini ya mwavuli na kumjazia flash kwa bei ya sahani ya unga. Yule muuzaji alishamzoea. Akimwona tu anasema, "Mama ya bitekwa, leo iko moja mupya, banakamata mutoto ku masomo." Mama hakucheka wala hakukasirika. Alitoa flash kutoka kwenye fundo la kitenge chake.

Katika nyumba za Dilala kama yetu, zile nyumba za matofali ambazo kampuni ya madini iliwajengea wafanyakazi wake zamani, kufasiri filamu ilikuwa kazi ya nyumbani kama kuchota maji. Mwenye Kifaransa anakaa kwenye kiti karibu na televisheni, wasio nacho wanakaa kwenye mkeka. Mfasiri hasemi bunduki zikilia. Anangoja mlio uishe, anageuza shingo, anatoa maneno mafupi, anarudi kutazama. Baba alikuwa bingwa. Alikuwa msimamizi wa karakana miaka mingi, amezoea kusimama kati ya wakubwa wa Kizungu na vibarua, akiyachukua maneno huku na kuyafikisha kule. Mama alizaliwa hapahapa Kolwezi, lakini nyumbani kwao kulisemwa Kiluba cha Kasai, sokoni Kiswahili, na shule aliiacha kabla Kifaransa hakijamwingia.

Zamani hatukuwa watu wa filamu hizo. Baba alipenda mpira. Mama alipenda kwaya za parokia, hasa kama yeye mwenyewe alikuwa ameimba. Mambo yalibadilika baada ya Ijumaa Kuu moja, nilipokuwa nimerudi kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi kwa likizo ya Pasaka.

Kaka yangu, mkubwa wangu pekee, alikuwa amekwenda upande wa Fungurume kuchimba. Hakwenda kwa kampuni. Alikwenda kuchimba kwa mikono, katika mashimo yasiyo na mwenyewe, mbali na mji. Alikuwa na diploma ya umeme ambayo hakuna aliyeitaka. Baba alimkataza, wakagombana, akaondoka kwa pikipiki ya mtu bila kuaga. Alipiga simu mara moja kusema amefika. Halafu kimya, lakini kimya hicho hakikututisha, maana kule kuchaji simu ni safari.

Ijumaa Kuu mama alikuwa kanisani kwenye Njia ya Msalaba. Mimi sikwenda. Nilikuwa nimeanza kubishana na padri kichwani mwangu, na kusimama nimeinamisha shingo huku nabishana kulinichosha. Nilikuwa uani nachambua mchele. Baba alikuwa barazani anashona soli ya kiatu. Simu yake ikalia, akatazama kioo, uso ukafunguka, kwa sababu ilikuwa namba ya kaka.

Lakini sauti haikuwa ya kaka. Niliyajua hayo kwa jinsi mgongo wa baba ulivyonyooka.

"Weye ni nani?" akasema. Akasikiliza. "Ndiyo, chef. Njo mutoto yangu. Iko muzima?"

Akasikiliza tena, muda mrefu kidogo.

"Ah, tata, ile ni mingi. Uniangalie na miye, nilisha acha kazi, niko muzee. Punguza kidogo."

Kisha akacheka.

Msomaji asiye wa kwetu anaweza kumwona baba mtu wa ajabu. Hakuwa. Kwetu, mchimbaji akikamatwa mahali asipotakiwa, waliomkamata wanapigia nyumbani. Wengine ni walinzi kweli, wengine wamejiita tu. Wanataja bei, wewe unalia umaskini, wanashuka, unapanda kidogo, mnakutana katikati, na jioni mtoto anarudi na mashavu yamevimba. Kila familia mtaani kwetu ilishapita hapo. Anayekubali bei ya kwanza anachekwa, na wiki inayofuata mtoto wake anakamatwa tena. Unamwita mtu "chef" na "tata" na unacheka naye, kicheko kilekile cha kizuizi cha barabarani, cha kumwambia mwenye bunduki kwamba sisi wote ni binadamu tu. Mimi mwenyewe uani nilikuwa natabasamu. Nilifikiri: ameshapatikana, mjinga yule, sasa atarudi akae.

"Nusu, chef," baba akasema. "Nusu tutaipata leo leo. Sawa. Nangoja."

Akaweka simu juu ya goti. "Atapiga tena," akaniambia. "Banafanyaka vile." Akachukua kiatu akaendelea kushona.

Hakupiga tena. Jioni baba alipopiga mwenyewe, namba ilikuwa imezimwa. Jumamosi alikwenda Fungurume na mguu wake mbovu, akazunguka kituo cha polisi, hospitali, magulio. Aliuliza kwa jina la ubatizo la kaka. Kule wachimbaji hawaitani kwa majina hayo, kila mmoja ana jina la shimoni alilopewa na wenzake, na la kaka sisi hatukulijua. Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Alirudi Jumapili ya Pasaka, kengele zinalia, kola ya shati imekuwa nyekundu kwa vumbi la malori.

Kwa mama alisema hivi: walipiga, wana mtoto, walisema tungoje watapiga tena. Yote yalikuwa kweli. Ila ile nusu na kile kicheko hakuvitaja, na mimi sikuvitaja.

Tangu siku ile simu ya baba ikawa ya mama. Aliibeba kifuani, ndani ya blauzi, na kila umeme uliporudi kitu cha kwanza nyumbani kwetu kilikuwa kuichaji. Jirani yetu, mama mjane mwenye ulimi, ndiye aliyemtia kwenye filamu. "Unangojaka bure bila kujua," alimwambia. "Uangalie mu bafilme. Banaonyesha namna bale batu banawazaka. Banapigaka tena kisha wakati gani, banataka nini." Hivyo mama alianza kutazama kama mwanafunzi. Hakujali mapenzi wala magari yanayolipuka. Alingoja simu ilie kwenye kioo. Simu ikilia anainua mkono tunyamaze wote, na kumgeukia baba. "Anasema nini?"

Na baba, mtu mmoja duniani aliyekuwa na sababu ya kuyakimbia maswali hayo, alikaa kwenye kiti cha mfasiri na kumjibu.

Katika filamu hizo karibu kila mara yupo fundi wa kuzungumza na watekaji, mwanamume wa makamo mwenye koti lililokunjamana, anayekunywa kahawa. Anamfundisha baba wa mtoto. Usikubali bei ya kwanza. Ukikubali haraka watajua una pesa nyingine. Shusha, chelewesha, mfanye aendelee kuzungumza, maana akizungumza mtoto yuko hai. Mara ya kwanza niliposikia maneno hayo nikiwa mkekani, moyo wangu ulirukaruka kwa furaha. Nilimtazama baba. Sasa, nilifikiri. Sasa mama atasikia kutoka kwa mtaalamu kwamba kupunguza bei ndiyo njia.

Baba aligeuza shingo. "Anasema: batatoa yote."

Nilidhani amesikia vibaya. Filamu iliyofuata ilikuwa vilevile. Yule fundi alisema hotuba nzima, na baba akasema, "Baba ya mutoto anaitika." Nyingine: "Anasema muchukue byote, munipe mutoto."

Jirani aligundua kabla ya mama. "Eh, tata," akasema, "ule muzungu anasema kama padri siku ya Noeli, na weye unafasiri kama telegramu!"

"Kifaransa iko na maneno mingi ya bure," baba akajibu.

"Na bei iliteremuka namna gani? Kwanza banasema mingi, sasa anabeba ka-sakoshi kadogo, ka-mufuko ka mukono!"

"Ni franka ya kwabo. Ni bikaratasi bikubwa."

Walicheka. Mama alicheka pia, kidogo, mkono umeshika simu kifuani. Mimi sikucheka. Nilirudi Lubumbashi na swali langu, na nikalizungusha kichwani kama nilivyofanya na kila kitu wakati ule. Nilisoma sosholojia, na kila nilichokiona nilikitafutia muundo. Niliandika majibu mengi. Anamwogopa mama. Anajiona duni mbele ya mtaalamu wa Kizungu. Uzee. Hakuna lililosimama. Mtu aliyeshtakiwa, hata kama mshtaki ni yeye mwenyewe, hamnyamazishi shahidi wake.

Likizo ya kiangazi nilimkuta amekonda. Kifua, alisema, vumbi la karakana lililochelewa kudai. Alikohoa katikati ya sentensi, na Jumapili moja baada ya misa, filamu ilipoanza, alininyooshea kidole. "Leo ufasiri weye. Sauti yangu imechoka." Nilikaa kwenye kiti chake. Yeye alikaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, palipo na hewa.

Nilijua tukio lile litafika na nilikuwa nimeshaamua. Nilifasiri utekaji. Nilifasiri simu. Mama aliinua mkono. Kisha yule mwenye koti akaweka kikombe chini, akaanza, na mimi nikafasiri neno kwa neno, polepole, kama wakili.

"Anasema hivi, mama: usiitike bei ya kwanza. Kila baba anapunguza. Kupunguza si kumkataa mtoto. Kupunguza ndiko kunakomweka mtoto hai."

Hiyo sentensi ya kumkataa mtoto niliiongeza mimi.

Jirani alipiga makofi. "Kumbe na bazungu banapunguza! Bei ya mutoto kama bei ya mbuzi!"

Mama alikuwa ananitazama mimi, hakutazama kioo. Nyuma yangu nilisikia kiti cha mlangoni kikikwaruza sakafu, na nilipogeuka baba hakuwepo.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amesimama karibu na tangi la maji, mkono mmoja ukutani.

"Juu ya nini umesema vile?" akaniuliza.

"Ndivyo walivyosema, baba. Ni wewe unayeyaruka. Kila filamu. Yanakutetea, na wewe unayaruka."

"Hayanitetee."

"Lakini ulifanya kama yeye. Kitu kilekile."

"Apana." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite, na nilipotaka kumshika akasogea. "Ule muntu wa filme anapunguza na woga. Anatoka jasho. Anawaza mutoto kila neno. Miye sikuwaza mutoto. Niliwaza bei. Nilipunguza juu nilizoea, kama vile napunguzaka ku soko. Nilicheka na ule muntu, ulisikia? Nilimwita tata. Nilirudi kushona kiatu." Akanitazama usoni. "Nikimufasiria mama yako yale maneno, itakuwa nasema niko kama ule wa filme. Itakuwa bongo, ni kumudanganya. Njo maana narukaka."

Nilikuwa na jibu kwa padri, kwa mwalimu, kwa serikali. Kwake nilisema kitu fulani kuhusu desturi, kwamba mtu mmoja hawezi kubeba kosa la desturi nzima. Aliitikia kwa kichwa kama anavyoitikiwa mtoto anayesoma shairi, kisha akasema filamu itakuwa imeisha, turudi ndani, mama yako atauliza.

Mama hakuuliza wakati ule. Aliuliza siku chache baadaye, tukiwa wawili sokoni Manika tunapima unga kwa sahani. Hakuinua macho.

"Alipunguza, eh?"

"Ndiyo, mama."

Alimwaga sahani, akaipiga ukingoni kwa kiganja, akaijaza tena. "Na miye ningepunguza," akasema. "Nani haingepunguza?"

"Mwambie yeye."

"Nitamwambia."

Na alimwambia. Nilikuwepo, jioni ile ile, tunakula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Alimwambia kwa Kiluba, lugha waliyoiweka kwa mambo mazito, na mimi nilielewa sehemu tu, lakini nilimwona akimwekea mkono juu ya goti, mahali palepale simu ilipokuwa imelala siku ile. Baba alisema, "Asante, mama." Alisema kwa sauti ya mtu aliyesogezewa kiti msibani. Aliamini kwamba ni wema wa mama tu, na wema hauwezi kubadili kilichotokea. Mimi pia sikuweza kumlaumu kwa hilo. Ningekuwa mimi, ningetaka ushahidi.

Waliendelea kutazama. Kuna watu niliowaeleza habari hii chuoni, wakashangaa kwamba hawakuacha. Lakini mama alikuwa bado anangoja simu, na filamu zilikuwa shule yake. Na baba, nadhani, aliziona kama malipo. Alirudi kwenye kiti chake. Sehemu ile ikifika hakuweka tena maneno mengine, wala hakufasiri. Alinyamaza hadi ipite, na mama naye hakuinua mkono, na jirani, jambo la kushangaza, alijifunza kutazama nje dirishani.

Siku nyingine nilimkuta mama peke yake anatazama bila sauti. Nilimuuliza anaelewa nini.

"Naangalia mikono yao," akasema. "Mutu mwenye iko na simu ya mutoto, mikono yake haitulie."

Ndugu za baba walitaka kilio kifanyike kwa ajili ya kaka. Mjomba wake mmoja alikuja kutoka Likasi na kusema mtu hawezi kubaki hewani hivi, si hai si maiti, na nyumba isiyolia inaoza. Mimi nilimuunga mkono, kwa hoja zangu za kitabuni. Mama alikataa: simu iko na moto, alisema, akimaanisha chaji. Baba alikataa kwa sababu nyingine. Alimwambia mjomba, "Miye siwezi kukaa pale chini, bantu banipatie pole. Ya nini? Juu ya mutoto mwenye niliuzisha?"

Mjomba alimwambia anakufuru. Baba alimwambia aende salama.

Alifariki mwishoni mwa masika, hospitalini, mchana, mama amekwenda kununua maji. Maneno yake ya mwisho kwangu hayakuwa makubwa. Aliuliza kama umeme upo nyumbani. Nilijua anauliza kuhusu chaji. Kwenye kilio chake wanawake wa parokia walilala uani kwetu kwenye mikeka, waliimba, walipika, na yule mjane mwenye ulimi aliwahudumia wote bila mzaha hata mmoja. Nilimwona mama akilia huku mkono mmoja umebana kifua, na watu walidhani ni maumivu. Ilikuwa simu. Hakutaka machozi yaiingie.

Baada ya hapo hakununua filamu tena. Mfasiri alikuwa amekwenda. Nilijitolea, akasema, "Acha, mwanangu, nilisha jifunza." Muuzaji wa Manika alinisimamisha kuuliza kama Mama ya bitekwa amehama.

Nilimaliza chuo. Nilikosa kazi, nikapata, nikaacha, nikapata nyingine Fungurume, kufundisha katika shule ya sekondari. Mama hakutaka niende huko, na hakunizuia. Niliishi pale muda mrefu bila kutafuta chochote. Nilijiambia kwamba sitafuti kwa sababu ni upumbavu kutafuta baada ya miaka yote hiyo, lakini nadhani niliogopa kuambiwa jambo nisiloweza kulihakikisha.

Kisha mwanamume mmoja anayetengeneza pikipiki, niliyempelekea tairi la dereva aliyenibeba, alinitazama mdomoni nilipocheka. Mimi na kaka tuna pengo moja la meno, la baba. Akaniuliza kama nina ndugu aliyechimba. Nikasema nilikuwa naye. Akataja jina, jina la shimoni, sikulijua. Akataja wimbo aliokuwa akiupiga mluzi, kovu la kidevuni, diploma ya umeme aliyowachekesha nayo. Nilijua ni yeye.

Alinieleza akiwa ameshika tairi. Shimo liliporomoka. Walimtoa kaka wamechelewa. Hawakujua kwao ni wapi wala jina lake la nyumbani, na simu yake ambayo ingewaambia ilikuwa imeibwa siku ileile na mmoja wao aliyetoroka. Wakamzika wenyewe, wakamwita katekista aombe.

Sikumwamini. Nilimuuliza maswali kama polisi: lini, nani alikuwepo, nani aliiba. Hakuchoka. Alifunga karakana yake akanipeleka kwa yule katekista, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamwachia aseme mwenyewe. Katekista aliikumbuka siku hiyo bila kufikiri, kwa sababu ilikuwa Jumapili ya Matawi, na watu walitoka kanisani moja kwa moja hadi kaburini, na kwa kukosa maua waliweka matawi yao juu ya udongo.

Ijumaa iliyofuata, ile Ijumaa Kuu, baba alipomwambia yule mtu mwenye simu ya wizi apunguze kidogo, kaka yangu alikuwa amekwisha kuzikwa.